Gia Nne au Mkanda wa Chuma

Yote yalianza na riwaya yangu, msomaji, hasa sura ya saba. Humo shujaa wangu anakimbizwa na majambazi usiku wa manane kutoka Pasiansi hadi Igoma, mvua inamwagika, naye yumo ndani ya kigari kidogo cha kuazima. Niliandika kwa mkono wangu mwenyewe, katika kaunta buku la pili, kwamba alikanyaga klachi, akachomeka gia ya tano, na gari likanguruma kama simba jike aliyejeruhiwa. Nikairudia sentensi hiyo mara tatu kwa kuipenda. Kisha nikampelekea mjomba asome.

Mjomba, kaka yake mama, aliendesha malori ya pamba tangu mimi sijazaliwa. Alisoma sura nzima kimya, akavua miwani, akaniuliza:

"Hili gari la huyu bwana wako ni gari gani?"

"Vitz, mjomba."

"Otomatiki?"

"Ndiyo, otomatiki."

"Sasa hiyo klachi kaitoa wapi?"

Nyumba nzima ilicheka. Mdogo wangu wa kike alikaa wiki nzima akinipita ukumbini huku anakanyaga klachi ya hewani. Mimi nilinuna, nikasema wasomaji hawajali vitu vidogo kama hivyo. Mjomba akanijibu kwamba msomaji dereva atakitupa kitabu papo hapo, na katika Mwanza hii madereva ni wengi kuliko wasomaji.

Mambo yangeishia hapo kama mama asingeuza kiwanja.

Kiwanja chenyewe kilikuwa Kisesa, ameachiwa na marehemu baba. Mama anauza dagaa pale mwaloni Kirumba na magoti yake yamechoka. Kila alfajiri alikuwa analipa bodaboda ya kumfikisha mwaloni, kisha analipa kirikuu ya kupeleka magunia kwa wateja wake wa Mkuyuni, Butimba na kule juu Bugando, kisha analipa tena kurudi nyumbani. Mdogo wangu naye alikuwa amepata chuo na ada inangojwa. Basi mama akapanga hivi: kinunuliwe kigari kidogo, asubuhi kimbebe yeye na magunia yake mawili matatu, na kuanzia saa nne kiwe teksi. Dereva ni mimi, kijana wa kidato cha nne, mwenye leseni, mwenye makaunta buku matatu ya riwaya na asiye na kazi.

Fedha za kiwanja pamoja na akiba ya kikoba zilifika milioni nane. Mama alizihesabu mbele yetu, akazifunga kwenye pindo la kanga, akasema:

"Kiwanja hakifi. Gari linakufa. Kwa hiyo mniambie kwanza linakufaje, ndipo nilinunue."

Nakwambia ukweli, mwandishi mwenzangu, mpaka leo sijaandika sentensi yenye uzito kama hiyo.

Mjomba alitaka manyuo, yaani gari la kuingiza gia kwa mkono. Lakini katika hivi vigari vidogo vinavyotoka Japani, manyuo ni ya kutafuta kwa tochi, na ukiipata mara nyingi imechoka kuliko mwenye nayo. Tukaliacha hilo. Tukasema tutachukua otomatiki, tukadhani tumemaliza.

Kumbe otomatiki si moja! Mimi nilikuwa najua ile fimbo yenye herufi: P unaegesha, R unarudi nyuma, N ni huru, D unaondoka. Herufi ni zile zile katika magari yote, ukadhani na tumbo ni lile lile. Mjomba akanichukua hadi Nyakato kwa rafiki yake, fundi wa giaboksi, ambaye siku hiyo alikuwa amefungua giaboksi mbili na kuzitandaza juu ya turubai chini ya mwembe. Ungeziona ungedhani ni mnada wa vyuma chakavu.

Ya kwanza ilikuwa ya aina ya zamani, ya gia nne. Fundi akanionyesha kitu cha mviringo kama sufuria mbili zilizofunikana. Akasema humo ndani mna feni mbili zinazotazamana. "Chukua feni mbili za mezani," alisema, "moja iwashe, nyingine usiichomeke kwenye umeme. Ile iliyowaka itaipulizia mwenzake mpaka nayo izunguke. Sasa badala ya hewa weka oili." Ndiyo maana gari la otomatiki linaweza kusimama kwenye taa nyekundu likiwa kwenye D bila injini kuzimika: feni ya injini inazunguka, ya pili imezuiwa na breki, na oili katikati inavumilia. Nyuma ya hizo feni kulikuwa na gia zilizopangwa kama jua na sayari zake, gurudumu moja katikati na madogo yakilizunguka, na pembeni sahani nyembamba za klachi zinazobanwa kwa nguvu ya oili. Ikibanwa sahani hii unapata gia ya kwanza, ikiachiwa ikabanwa ile unapata ya pili.

"Kwa hiyo klachi zimo!" nikasema kwa furaha.

"Zimo," mjomba akajibu, "ila shujaa wako hawezi kuzikanyaga labda aingie chini ya gari."

Ya pili ilikuwa ile inayoitwa CVT. Hapo nilishangaa, maana gia za kuhesabu sikuziona. Niliona puli mbili, kila moja imeundwa kwa koni mbili zinazoelekeana, na mkanda wa chuma unaozunguka katikati yake. Umeshawahi kuingia kwenye mashine ya kusaga unga ukaona mkanda unaounganisha mota na kinu? Ni wazo lile lile, isipokuwa hizi puli zinajibana na kujiachia. Koni zikisogeleana, mkanda unapanda juu na duara linakuwa kubwa. Zikiachana, mkanda unazama na duara linakuwa dogo. Moja ikinenepa nyingine inakonda. Kwa hiyo hakuna ya kwanza wala ya pili wala ya tatu, kuna mteremko mmoja laini tangu gari linapoondoka mpaka linapokimbia.

Fundi akanipa ule mkanda niushike. Ni mzito, umetengenezwa kwa vipande vidogo vidogo vya chuma, mamia, vimepangwa kwenye tepe za chuma nyembamba kama shanga za kiunoni. Halafu akageuza puli kwenye mwanga. Uso wake, ambao ulitakiwa kung'aa kama kioo, ulikuwa na mikwaruzo ya kuzunguka.

"Huyu alikufa na nini?" nikamwuliza.

"Oili," akasema. "Mwenye gari aliambiwa haidroliki ni haidroliki."

Hili la oili sikuliacha lipite, na wewe usiliache. Mkanda ule haung'ang'anii puli kwa meno. Unashikwa kwa kubanwa tu, chuma juu ya chuma, na oili katikati. Kwa hiyo oili ya CVT imetengenezwa ili chuma kisiteleze juu ya chuma, wakati oili ya gia nne imetengenezwa kwa ajili ya zile sahani za klachi. Toyota za CVT za miaka ile zinataka inayoitwa CVT Fluid TC. Nissan wana NS-2, kisha wakaja na NS-3. Honda wana yao inayoitwa HMMF. Vitz ya kwanza au IST ya kwanza, za gia nne, zinataka Type T-IV. Ukienda dukani ukaomba tu "oili ya giaboksi ya otomatiki" utapewa kopo jekundu lililo karibu na mkono wa muuzaji. Gia nne ikipewa kopo lisilo lake inaweza kuugulia muda mrefu. CVT ikipewa hilo kopo jekundu, mkanda unaanza kuteleza, unakwaruza puli, na unga wa chuma unasambaa kwenye oili mpaka kila mahali.

"Ya gia nne inaugua kwa kelele," fundi alisema. "Unatia D inachelewa kushika. Inaruka ikibadilisha. Inateleza ya pili kwenda ya tatu. Miezi unaambiwa. Na mimi naifungua, nabadilisha sahani na mipira, inarudi barabarani. Hii nyingine italia kidogo kama nzi ndani ya kopo, na ukishaisikia mara nyingi umechelewa. Mimi siifungui kuitibu, naitoa yote naweka nyingine iliyotumika kutoka Japani. Na hiyo nyingine nayo hujui imelishwa nini."

Ungetegemea nikubali hapo hapo. Sikukubali. Mimi niliipenda CVT tangu nilipoishika, na sababu moja, nikiri, ilikuwa ya kipuuzi: ilikuwa na hadithi nzuri. Nilikwenda kuisoma kwenye simu. Mholanzi mmoja, Hub van Doorne, na kampuni yake ya DAF, walionyesha mwaka 1958 kigari kidogo chenye mikanda ya mpira badala ya gia. Kwa kuwa kigari hicho hakikuwa na gia maalumu ya kurudi nyuma, kiliweza kukimbia kinyumenyume kwa kasi ile ile ya kwenda mbele, na Waholanzi wakafanya mashindano ya kukimbiza DAF kinyumenyume! Hebu niambie, nani ataandika riwaya asitamani sura ya namna hiyo? Kisha mpira ukawa chuma. Mwaka 1987 Subaru wakauweka mkanda wa chuma kwenye Justy, na Honda Fit ya mwaka 2001 ikaja nao, na baada ya hapo vigari vidogo vya Japani vikahamia huko kimoja baada ya kingine. Vitz ya kizazi cha pili, iliyoanza 2005, nyingi zina mkanda. Passo ya kwanza, ya 2004, ina gia nne, ya pili ya 2010 ina mkanda. IST ya kwanza, 2002 hadi 2007, gia nne, na iliyofuata yenye injini ya 1.5, mkanda. Ile aina ya feni na sayari ni ya kale zaidi, Wamarekani walikuwa nayo kwenye Oldsmobile za mwaka 1940.

Nikarudi nyumbani nikahubiri. Nikasema CVT ni laini, mama hataumia magoti kwa kurushwarushwa. Nikasema inakula mafuta kidogo, kwa sababu inaiacha injini izunguke pale inapopenda. Nikasema huwezi kuganda na mambo ya 1940. Mjomba akasema, "Hata ugali ni wa zamani." Mdogo wangu akakanyaga klachi ya hewani. Mama hakusema kitu.

Gari la kwanza tulilokwenda kuliona lilikuwa Fit, Igoma, namba C, milioni tano na nusu. Ndani lilikuwa safi, viti vya nyuma vinakunjwa mpaka chini, magunia yangekaa manne. Nikawa tayari nimeshalinunua moyoni. Mjomba akaweka kiganja juu ya boneti kabla ya kusalimia watu.

"Mbona limeshawashwa?"

Dalali akasema alikuwa analisogeza tu. Tukaingia. Nikatia D, nikaachia breki, na gari likatetemeka mwili mzima kama mbuzi aliyetolewa mtoni, kisha likaondoka vizuri. Kila tulipoanza kuondoka, mtetemo. Baadaye fundi alinieleza: Fit zile za kwanza hazina zile feni mbili, zina klachi ya kuondokea iliyokaa baada ya puli, na oili ikichoka au ikiwa siyo, klachi hiyo inashika na kuachia, inashika na kuachia. Lakini siku ile mjomba aliuliza swali moja tu, kwamba oili ya giaboksi ilibadilishwa lini na ikawekwa gani. Mwenye gari akajibu kwa fahari kabisa: "Mwezi uliopita. Nimeweka haidroliki mpya, ile nyekundu."

Tukashukuru kwa maji ya kunywa tukaondoka.

La pili lilikuwa Vitz ya zamani, Nyegezi, gia nne. Hapo mjomba alikuwa na furaha kama mtu anayekwenda kwao. Likiwa baridi halikuwa na neno. Lakini mjomba ana tabia ya kutaka gari lipate joto ndipo aongee nalo, kwa hiyo tulikwenda nalo mpaka mjini, tukapanda nalo Bugando. Nusu ya mlima injini ikapiga kelele ghafla, sindano ikapanda, na gari halikuongeza mwendo hata kidogo. Lilikuwa linatafuta ya tatu halioni. Mjomba alichomoa kile kijiti cha kupimia oili akapangusia karatasi nyeupe. Ilikuwa nyeusi, inanuka kama maharage yaliyoungulia. Kwa hiyo na gia nne nazo hufa, msomaji. Mjomba alinyamaza njia nzima ya kurudi, na mimi kwa adabu sikumkumbusha chochote, ingawa nilikuwa nayo mengi.

Hapo tulikuwa tumeshapoteza majuma matatu, ada inakaribia, na mama anaendelea kulipa kirikuu.

La tatu ndilo linaloniuma. Lilikuwa Sengerema, kwa mwalimu mmoja anayehama. Zamani kwenda kuona gari Sengerema ilikuwa ni kupoteza siku nzima kwa foleni ya kivuko pale Kigongo. Siku hizi kuna daraja la kilomita tatu, lilifunguliwa Juni 2025, na mama ambaye alikuwa hajalipita bado alivaa kitenge kipya. Tulipokuwa katikati, ziwa huku na huku, aliniambia nipunguze mwendo. Nikamwambia, mama, mimi ni abiria kama wewe, hii ni hiace. Akasema, basi mwambie dereva.

Gari la mwalimu lilikuwa Vitz ya kizazi cha pili, injini ya 1.0, mkanda wa chuma. Injini baridi, hakuiwasha kabla hatujafika. Alileta bahasha yenye risiti, amezipanga kwa miaka. Oili ya giaboksi amebadilisha mara mbili, na risiti zote mbili zimeandikwa TC. Nikaliendesha. Wallahi, lilikuwa linateleza barabarani kama mtumbwi asubuhi ziwa limelala. Hakuna kuruka, hakuna kushtuka. Kwenye kimlima injini ilipanda sauti moja ikabaki hapo hapo, uuuuu, na gari likapanda bila kuchagua chochote. Mwalimu alitaka milioni saba na laki nane. Tungeweza.

Mjomba alizunguka gari mara mbili, akakubali kwamba hana la kulisema. Kwa mara ya kwanza tulikuwa upande mmoja. Sote tukamtazama mama.

Mama ana namna yake ya kununua dagaa. Haangalii walio juu ya gunia, maana juu ya gunia kila mchuuzi anaweka wanaong'aa. Anazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, anatoa wa katikati, anawanusa. Nilidhani ataomba kunusa oili. Badala yake alimwuliza mwalimu maswali ambayo mimi na mjomba, pamoja na ujuaji wetu wote, hatukuwa tumeuliza.

"Mwalimu, humu ulikuwa unabeba nini?"

"Mimi na mke wangu, mama. Na madaftari."

"Ulishapanda nalo mlima na magunia matatu?"

"Hapana, mama."

"Na hii oili ulikuwa unainunua hapa Sengerema?"

"Naagiza Dar es Salaam. Hapa nilishauziwa isiyokuwa yenyewe mara moja, nikaigundua kabla haijawekwa."

Akamshukuru, akamwombea heri katika uhamisho wake. Kwenye hiace ya kurudi nililalamika. Nilisema gari lile halina kosa. Akakubali kwamba halina. Nilisema risiti zote zipo. Akakubali. Kisha akasema: "Gari zuri, lakini linataka mtu kama yule mwalimu. Wewe utakuwa unabeba abiria tangu saa nne mpaka usiku, mdogo wako anasubiri ada, siku moja oili itakuwa imekwisha muda wake na hela ya kuagiza Dar es Salaam haipo. Utafanya nini?"

Nikanyamaza, kwa sababu nilijijua. Mimi ni mtu ambaye husahau kubandua sufuria jikoni nikiwa katikati ya sura. Nikijibanza kwenye dirisha la hiace, nikiona ziwa linarudi nyuma, nilihisi kama nimesomwa, na msomaji alikuwa hajamaliza hata darasa la saba.

Tulinunua IST. Ni ya kizazi cha kwanza, injini ya 1.3, gia nne, namba C, milioni saba na laki mbili, kwa mama mmoja wa Isamilo. Rangi yake imefubaa kwenye paa na mlango wa nyuma kushoto unafunguka kwa ndani tu. Mjomba aliikagua kama daktari wa jeshi. Aliikuta baridi. Alitoa kijiti: oili ilikuwa rangi ya chai ya rangi iliyokolea, haina harufu ya kuungua. Aliitia N, kisha D, akahesabu kimoyomoyo mpaka gari lilipogutuka kidogo kuonyesha limeshika, akafanya hivyo mara tano, akafanya hivyo kwenye R. Akaiendesha mpaka ikapata joto, akarudia yote. Tuliposhuka Isamilo aliivuta fimbo kutoka D hadi 2, injini ikaunguruma ikalishikilia gari bila yeye kukanyaga breki, akasema, "Hii ndiyo uwe unafanya. Breki zinanuka kwa watu wanaoacha D mpaka chini." Hata CVT ina namna yake ya hilo, nyingine zina S na B. Madereva wengi niliowaona wanazitazama herufi hizo kama mapambo.

Sasa ni miezi saba. Nitasema mabaya yake, maana wengine wakishanunua kitu hawasemi. Inakula mafuta kuliko nilivyopenda, hasa foleni ya jioni kati ya mjini na Mabatini. Kwenye mwendo wa polepole ya kwanza kwenda ya pili inashtua, na abiria mmoja mjamzito aliniambia niendeshe kama mwanadamu. Oili nimeshabadilisha mara moja, T-IV, nimeipata hapa hapa mjini, na fundi wa Nyakato aliifungua karta akanionyesha sumaku ya chini: unga mwembamba wa kijivu kama majivu ya sigara, hakuna vipande. Akasema huo ni uzee wa kawaida. Ada ya muhula wa kwanza imelipwa. Ya pili bado.

Ile Vitz ya mwalimu naiona. Aliinunua kijana mmoja, naye ni teksi, huwa anaegesha karibu na stendi. Juzi tulikutana tunajaza mafuta Nata. Nikamwuliza inaendeleaje, nikiwa nataka, Mungu anisamehe, aniambie kitu kibaya.

"Safi sana, kaka. Inalamba tu, haili."

"Na giaboksi?"

"Haijawahi kunisumbua."

"Oili unaweka gani?"

Alifikiri kidogo. "Fundi ndiye anajua," akasema, akalipa, akaondoka, laini, bila kuruka hata kidogo. Nilibaki nimesimama na wivu wangu na hofu yangu kwa ajili yake, na wa nyuma yangu akapiga honi.

Sura ya saba nimeiandika upya. Shujaa wangu sasa ana Vitz ya zamani yenye oili nyeusi, na ni pale mlimani, majambazi wakiwa mita mia nyuma yake, ndipo ya tatu inapokataa kushika. Mjomba ameisoma. Hakucheka. Aliuliza tu kama huyu bwana alikuwa hajui kuvuta fimbo kwenye 2 akapanda polepole, na sasa inabidi nifikiri kwa nini hakuivuta.

Asubuhi ya leo tumepanda Bugando na magunia matatu, mama mbele, mkoba wake mapajani. Pale barabara inaposimama, gari liliguna likashuka gia.

"Mbili," mama akasema.

Nilipovuka mwinuko likavuta pumzi, likashtuka kidogo.

"Tatu."

Anazihesabu kila siku siku hizi, taratibu, kwa sauti ile ile anayohesabia fedha.